Bibi hakuwa mpole, wasifu wake niuandikeje?

SANDUKU LA BI MHAZILI

Wasomaji wangu, safari hii nimeziweka kando barua za madeni ya vikoba na za ugomvi wa mawifi. Zimenifikia barua mbili za msiba, zote zikiwahusu kina mama waliokaa miaka nyuma ya taipureta ya mkuu wa chuo. Na mimi nilikaa nyuma ya taipureta ya serikali miaka 32. Nisipozijibu mimi, atazijibu nani?

*Bi Mhazili, hujambo? Mama mkwe wangu alifanya kazi ofisi ya mkuu wa chuo kimoja cha kilimo mpaka akastaafu. Ametutoka, na sasa tunaandaa kipeperushi cha misa ya shukrani. Wifi yangu anataka iandikwe "Katibu Muhtasi Mstaafu". Shemeji anasema hilo ni la zamani, siku hizi ni "Katibu Mahsusi". Mama mwenyewe, tangu nimeolewa, nilimsikia akijiita sekretari. Ipi sahihi, tusije tukachekwa?*
*Mkwe, Morogoro*

Pole sana mwanangu. Tafuteni barua yake ya mwisho ya kupandishwa daraja. Kilichoandikwa humo ndicho alichokuwa siku anakabidhi ofisi, na wifi na shemeji wataishia hapo. Majina yamebadilikabadilika. Wakati naanza tuliitwa wapiga chapa, ukishafaulu mitihani unakuwa katibu muhtasi. Baadaye muundo wa utumishi ukasema Katibu Mahsusi, na kazi yenyewe inaitwa uhazili, ndiyo maana nikajipa jina hili ninalolitumia hapa.

Ila msiruhusu mtu yeyote aseme "alikuwa anachapachapa tu". Kuingia Daraja la Tatu la kazi hiyo kulidai ufaulu mtihani wa Uhazili Hatua ya Tatu, pamoja na hatimkato, yaani maandishi ya alama za mkato ya kunukuu mtu anavyosema, ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 80 kwa dakika. Jaribu siku moja kuandika maneno 80 kwa dakika kutoka kinywani mwa bosi anayekohoa katikati ya sentensi, kisha uje tuzungumze.

Kwenye kipeperushi wekeni cheo cha barua. Wewe ukipewa nafasi ya kusema, mwite sekretari.

*Shikamoo Bi Mhazili. Mimi ni kijana wa miaka 32, kwetu Rungwe, kazi zangu ziko Dar es Salaam. Bibi mzaa mama amefariki akiwa na miaka 82 na arobaini inakaribia. Nimepewa kuandika na kusoma wasifu wake. Bibi aliajiriwa mwaka 1969 katika chuo cha ualimu, akastaafu 2003. Wakuu wa chuo saba walikuja wakaondoka, yeye yuko palepale, kwenye dirisha linalotazama mlingoti wa bendera. Mama yetu alipofariki mwaka 1996 bibi alituchukua watatu. Mimi ndiye mdogo, nilikuwa na miaka mitatu, mama simkumbuki.*

*Mjomba amenipa maneno ya kuandika: "alikuwa mpole, mcheshi, mcha Mungu, aliyependa watu wote." Bi Mhazili, mcha Mungu sawa. Lakini bibi hakuwa mpole! Nilipokuwa sekondari ya bweni nikimwandikia, barua yangu inarudi imesahihishwa kwa wino mwekundu, "nilikua" imegeuzwa "nilikuwa", na noti ya elfu mbili imebanwa kwa pini kwenye kona. Kila mjukuu alifunguliwa jalada kama tuko wizarani, langu ni WJ/3. Ukileta ripoti ya shule inatobolewa, inafungwa kamba, inapewa namba.*

*Kuna jingine. Mwaka 1984 alisimamishwa kazi kwa tuhuma kwamba mtihani umevuja ofisini kwake. Baada ya miezi mitatu wakamrudisha. Mjomba anasema tusifukue makaburi. Mama mdogo tukiligusa tu analia.*

*Mwisho, ameacha madaftari 11 ya hatimkato. Hatujui kusoma hata nukta. Mjomba anasema yachomwe, huenda yana siri za serikali. Nimekupigia picha kurasa mbili za daftari la Mei 1996, mwaka aliotuchukua. Naomba ushauri.*
*Mjukuu WJ/3*

Marahaba mjukuu wangu. Poleni sana nyumbani, mpelekee mama mdogo salamu zangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nisamehe, ni mazoea. Makosa manne tu katika ukurasa mzima. Bibi yako hakupoteza wino wake bure.

Nianze na maneno ya mjomba. Si mabaya. Tatizo lake ni la nakala ya kaboni: ukiingiza karatasi tano kwenye mashine, ya juu inasomeka, ya pili inasomeka, ya tano ni ukungu. "Mpole, mcheshi, aliyependa watu wote" nimeyasikia kwenye misiba ya watu wapole na ya watu niliowaona kwa macho yangu wakirusha kikombe. Sasa fikiria watakaokaa chini ya turubai siku hiyo. Kuna walimu wastaafu waliorudishiwa barua zao za kuomba likizo kwa sababu hawakuweka tarehe. Kuna wahudumu, kuna mpishi wa chuo, kuna dereva. Ukitamka "alikuwa mpole" watatazamana, na kuanzia hapo hawatakusikiliza tena, hata ukifika kwenye mambo ya kweli.

Fanya hivi na mjomba. Usibishane naye, ni mkubwa wako na amefiwa na mama yake. Mwombe akupe siku moja tu, moja, aliyomwona mama yake akiwa mpole: alikuwa wapi, ameshika nini, alisema nini. Akiipata, iandike na useme kwamba mjomba ndiye aliyekusimulia. Naye atatulia.

Sasa mwanangu, kuna jambo umelitaja kwa mistari miwili, tena kwa kulalamika, ukakimbilia mengine. Majalada. Rudi hapo.

Wewe hujawahi kukaa masjala, kule majalada yanakotunzwa, ngoja nikueleze. Katika ofisi ya serikali karatasi isiyo na namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, ni kama haipo. Mtu anaweza kuichomoa jioni na asubuhi asiwepo wa kuuliza. Ikishatobolewa, ikafungwa na kupewa namba, siku ikipotea panabaki pengo kati ya folio ya 14 na ya 16, na lazima mtu aeleze. Tulifundishwa hivyo na tuliishi hivyo. Basi mtazame mama wa miaka 53 aliyetoka kumzika binti yake, mchana yuko ofisini, usiku amekaa kwenye meza ya chakula anazitia namba karatasi za watoto watatu.

Kabla hujaandika neno lolote la wasifu, fungua WJ/3 usome kuanzia folio ya 1 mpaka ya mwisho. Kwa mazoea ya sisi wa uhazili nadhani ya kwanza ni kadi yako ya kliniki. Angalia tarehe. Angalia aliandika nini pembeni, maana mtu wa masjala hawezi kupitisha karatasi bila kuandika neno pembeni. Humo utapata risiti za ada, na kwenye risiti utaona alilipa kwa mafungu mangapi na kila fungu lilikuja siku ngapi baada ya mshahara. Chagua karatasi tatu kutoka humo, usome zilivyo. Tatu zinatosha.

Kuhusu kazi yake, usiandike "alifanya kazi kwa uaminifu na kujituma". Waeleze vijana alikuwa anafanya nini, maana wengi hawajawahi kuiona stensili. Yeye aliajiriwa 1969. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, na nchi ikataka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Walimu wakahitajika kwa maelfu, tena haraka. Vitabu havikutosha. Mahali ambapo kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima, mkufunzi aliandika muhtasari kwa mkono, akaupeleka kwa mhazili, na mhazili akakata stensili.

Stensili ni karatasi nyembamba yenye nta. Unauondoa utepe wa wino ili herufi za chuma zigonge nta moja kwa moja, kwa hiyo unachapa karibu gizani, maandishi yenyewe huyaoni vizuri. Ukigonga kwa woga, herufi haitoki. Ukigonga kwa hasira, herufi "o" inakatika duara zima na kila nakala inatoka na doa jeusi. Kiswahili chetu kilivyojaa "o" na "a", utajua mwenyewe. Ukikosea unapaka dawa nyekundu kwa kijiburashi, inanuka kama rangi ya kucha, unasubiri ikauke ukipuliza, unagonga tena. Kisha unaipeleka kwenye mashine ya kudurufu, unazungusha mkono, mamia ya nakala, na wino ule ukigusa kanga hautoki mpaka kanga inageuka tambara la deki. Muulize mama mdogo kama nyumbani hakukuwa na kanga yenye doa jeusi. Ipo. Kila mhazili wa enzi zile alikuwa nayo.

Kwa hiyo wale walimu wazee watakaokuja arobaini, walichosoma chuoni kilipita kwenye vidole vyake kwanza. Hilo liseme.

Tuje kwenye mwaka 1984. Mjomba ana hoja yake, lakini hapa siko naye. Mji mdogo, chuo kimoja: wote wanajua. Ukiruka, watu watalijaza pengo kwa minong'ono wakati wa chai, na marehemu hawezi kujibu. Stensili iliyokwishatumika ukiiinua kwenye mwanga inasomeka, kaboni nayo inasomeka. Ndiyo maana za mitihani zilichomwa mbele ya shahidi na shahidi akatia saini. Lakini mtihani haukai kwa mhazili peke yake. Unatungwa na mtu, unapitiwa na mwingine, unadurufiwa, unahesabiwa, unafungwa, unawekwa kabatini. Ukivuja, wa kwanza kuulizwa ni aliyechapa. Mimi niliwahi kumwagiwa mkoba wangu juu ya meza mbele ya wahudumu wawili wakitafuta karatasi: kitana, kitambaa, na nusu andazi nililokuwa nimemhifadhia mwanangu. Karatasi ilikutwa siku ya tatu kwenye droo ya mkubwa mmoja, chini ya gazeti. Hakuna aliyeniomba radhi, na lile andazi lilikanyagwa.

Tafuta ile barua ya kumrudisha kazini. Kwa mtu aliyewafungulia wajukuu majalada, naapa ipo. Ukiipata, weka sentensi moja tu: mwaka 1984 alisimamishwa kazi miezi mitatu, kisha akarudishwa kwa barua ya tarehe fulani yenye kumbukumbu namba fulani. Soma na ile namba. Wastaafu wataelewa kwa nini umeisoma. Usimtaje mtu mwingine aliyeshukiwa, hata kama mnamjua, na najua mnamjua. Mama mdogo akilia mwacheni alie, arobaini ni pa kulia.

Urefu. Mshereheshaji atakwambia dakika tano na utatumia sita. Soma kwa kasi ile tuliyopimiwa sisi, maneno 80 kwa dakika, ndiyo kasi ya mtu anayesoma huku koo limembana. Dakika sita ni maneno 480. Andika 480, usizidishe. Majina ya wajukuu na vitukuu yote chapeni kwenye kipeperushi, usiyasome. Na ugonjwa ukae mstari mmoja, yule mama aliishi miaka 82, hakuishi wodini.

Madaftari msichome! Siri gani ya serikali itakayokaa katika vikao vya chuo vya mwaka 1996? Kuni za jikoni, pampu ya maji, bweni linalovuja. Ila mkipata wa kuwasomea, na mkakuta mashauri ya nidhamu ya wanafunzi kwa majina, hapo mfunike daftari. Wale watoto wa jana leo ni wazazi wa watu.

Nimezitazama picha zako. Ni hatimkato ya Pitman, ile tuliyofundishwa wengi. Humo konsonanti ni mistari na vipinde: mstari mwembamba ni p, uleule ukiwa mnene ni b. Irabu ni nukta na vistari vidogo, na mtu mwenye haraka haviweki kabisa. Bibi yako aliandika kwa kalamu ya risasi, tena iliyochongwa vizuri, ndiyo maana wembamba na unene vinaonekana hadi leo. Angetumia kalamu ya wino ya kawaida, baba na papa wangefanana na mimi ningekaa kimya. Mkono wake ni mzuri. Mkono wa mtu mwingine huwa nausoma kwa tabu, wake nimeusoma jioni moja na kikombe cha chai.

Ukurasa wa kwanza una tarehe 14/5/96, tarakimu tunaziandika kama watu wote. Ni kikao cha uongozi. Mkuu wa chuo anazungumzia kuni, mzabuni hajaleta, wanafunzi wamekula saa kumi. Mistari sita safi kabisa. Kisha kuna maneno haya: "anarudia ya wiki iliyopita." Hayo mkuu hakuyasema, hayo ni ya bibi yako. Kuanzia hapo mkuu anaendelea kuongea, na bibi yako anaendelea kuandika, kichwa kimeinama, kalamu inatembea, na kila aliyekuwa mezani anaamini ananukuu. Alichoandika ni hiki:

"Sabuni mche mmoja. Dawa ya minyoo, watatu. Gauni langu la buluu fundi akate sketi ya mkubwa, kitakachobaki kofia. Mdogo jana usiku kaniita mama. Sikumsahihisha."

Hilo neno "mama" nimelitazama kwa miwani na bila miwani. Ni vipinde viwili vya m, na vipinde viwili vya m vinaweza kuwa mama, vinaweza kuwa mimi, vinaweza kuwa mume. Kinachotenganisha ni mahali mtu anapoviweka. Vyake vimeinuka, havijagusa mstari, na vikiinuka hivyo sauti ya kwanza ni a. Ni mama. "Sikumsahihisha" halina utata, ameliandika kwa ukamilifu na nukta zake zote.

Mstari unaofuata: "Pampu. Mhasibu atafuatilia."

Picha ya pili kidole chako kimeziba mistari mitatu ya chini. Piga tena mchana, karibu na dirisha, daftari likiwa limelala mezani, kisha unitumie mapema. Mapema yenyewe sijui ni lini, maana barua yako haina tarehe, na siku ya arobaini hukuitaja. Bibi yako angekurudishia.